Molière: Fundi wa Michezo Aliyezikwa Usiku

Siku moja tulikuwa katika Bandari ya Bujumbura tukiingoja boti iliyokuwa ikitoka Kigoma, ambayo, kama ilivyo desturi ya vyombo vya ziwani, ilikuwa imekwisha kuchelewa tangu alfajiri. Karibu nasi alikuwapo kijana mwanafunzi, ameketi juu ya mfuko wa saruji, akisoma kitabu cha Kifaransa kilichochakaa huku akicheka peke yake. Kitabu chenyewe kilikuwa L'Avare, mchezo wa yule bahili aliyezifukia fedha zake bustanini. Tulipozungumza naye tuligundua kuwa anavijua visa vyote vya bahili huyo, lakini juu ya mtu aliyevitunga alijua neno moja tu, kwamba alikuwa Mfaransa. Alimdhania kuwa mwalimu au padri, maana vitabu vyote vya lugha hiyo alivyopata kupewa shuleni vilikuwa na harufu ya mwalimu au ya padri.

Alistaajabu tulipomweleza kwamba Molière alikuwa mwigizaji wa kulipwa, aliyewahi kutiwa gerezani kwa deni la mishumaa, na kwamba alipokufa mapadri walimkatalia kaburi. Nyuma yetu, katika kivuli cha ghala, wachukuzi waliokuwa wamemaliza kupakua shehena walikuwa wakigawana ujira wao: kwanza zilitolewa gharama za siku, kisha kilichobaki kikatengwa mafungu mbele ya macho ya wote. Tulimwonyesha kijana kundi lile, tukamwambia kwamba Molière aliishi hivyo hivyo kwa miaka thelathini. Ndipo tulipoona yafaa maisha ya mtu huyo yaelezwe katika ukurasa huu.

Jina lake si geni kwa wasomaji wa Kiswahili. Kabla Julius Caezar haujatoka katika kalamu ya Mwalimu Nyerere mwaka 1963, tayari A. Morrison alikuwa ameitafsiri michezo miwili ya Molière, yaani Tabibu Asiyependa Utabibu na, mwaka 1961, Mchuuzi Mwungwana. Mwaka 1973 ukafuata Mnafiki, ambao ndio ule Tartuffe uliomletea mwenyewe matata makubwa kuliko yote, kama tutakavyoona.

Wazazi wake hawakumwita Molière. Alibatizwa kwa jina la Jean-Baptiste Poquelin mjini Paris, katika kanisa la Saint-Eustache, tarehe 15 Januari 1622. Baba yake alikuwa fundi na mfanyabiashara wa mapazia, matandiko na viti vya fahari, naye mwaka 1631 alijipatia cheo cha kuyahudumia malazi ya mfalme. Cheo hicho kiliweza kurithiwa, na mzee Poquelin aliazimia kimwendee mwanawe wa kwanza. Mama, Marie Cressé, alifariki mwaka 1632, mtoto akiwa na miaka kumi. Kijana akapelekwa katika shule ya Wajesuiti iliyoitwa Clermont, walikosomeshwa watoto wa wakubwa, kisha akasoma sheria. Njia yake ilikuwa imekwisha kufagiliwa: duka, cheo, na heshima ya mjini.

Mwezi Januari 1643, akikaribia umri wa miaka ishirini na mmoja, alichukua livre 630 katika urithi wa mama yake, akaiachia haki ya kile cheo. Tarehe 30 Juni ya mwaka huo huo yeye na wenzake, jumla yao watu kumi, walitia sahihi mkataba wa kuanzisha kikundi cha maigizo, wakakiita Illustre Théâtre, yaani Jumba Tukufu la Michezo. Roho ya kikundi ilikuwa Madeleine Béjart, mwanamke aliyemzidi Molière miaka minne, mwigizaji aliyekwisha kujulikana, hodari wa hesabu kama alivyokuwa hodari wa jukwaa. Mkataba ulimpa yeye peke yake haki ya kujichagulia sehemu aipendayo katika mchezo wowote. Ndugu zake wawili nao walikuwamo. Wapo wasemao kwamba kijana Poquelin alifuata mwanamke, wala si sanaa. Sisi twaona kwamba kwa mtu kama yeye mambo hayo mawili hayakuwa na mpaka.

Ule Utukufu haukudumu. Walikodi ukumbi uliokuwa wa kuchezea mpira, wakautengeneza kwa mkopo, wakaufungua siku ya kwanza ya mwaka 1644. Watazamaji walikuwa haba, na Paris ilikuwa na vikundi viwili vikubwa vilivyotangulia. Wakahamia ukumbi mwingine, na madeni yakahama pamoja nao. Mwezi Agosti 1645 kijana huyu, ambaye sasa alikuwa akitia sahihi kwa jina la Molière bila ya kumweleza mtu sababu yake, alitiwa katika gereza la Châtelet kwa ajili ya deni la mwuza mishumaa. Msomaji asilione jambo hilo kuwa dogo. Kabla ya taa za gesi na za umeme, ukumbi wa michezo uliangazwa kwa mishumaa, na mwuza mishumaa kwa kikundi cha maigizo alikuwa kama mwuza mafuta kwa mwenye boti leo. Asipolipwa, chombo hakiondoki.

Alipotolewa kwa dhamana aliondoka Paris pamoja na akina Béjart, wakajiunga na kikundi kilichokuwa kikizunguka majimbo ya kusini. Wakazunguka miaka kumi na mitatu. Walisafiri kwa mikokoteni barabarani na kwa mashua katika mto Rhône, wakicheza katika kumbi za miji na katika majumba ya makabaila, wakiomba kibali kila walipofika. Kwa muda walipata himaya ya mwana wa mfalme aitwaye Conti, lakini mtukufu huyo alishikwa na ucha Mungu wa ghafla, akawanyang'anya jina lake, na baadaye akaandika kitabu kizima cha kuulaani mchezo wa kuigiza. Ni katika miaka hiyo ya vumbi Molière alipopata elimu ambayo Clermont haikumpa: namna ya kukitawala kikundi, namna ya kumsikia mtazamaji, na namna ya kutunga. Mchezo wake mrefu wa kwanza, L'Étourdi, ulionyeshwa Lyon mwaka 1655.

Tarehe 24 Oktoba 1658 walicheza katika jumba la Louvre mbele ya Mfalme Louis wa 14, aliyekuwa na miaka ishirini tu. Walianza kwa tanzia ya Corneille, ambayo haikumtikisa mtu. Ndipo Molière alipojitokeza mbele, akaomba ruhusa ya kuonyesha kichekesho kimoja kifupi katika vile walivyokuwa wakiwafurahishia watu wa majimboni. Mfalme alicheka. Kwa kicheko hicho kikundi kilipewa ukumbi wa Petit-Bourbon, wakishirikiana na Waitaliani waliokuwamo kabla yao na waliozishika siku zilizo bora za biashara. Ndugu yake mfalme aliwapa jina lake na kuwaahidi posho ya livre 300 kila mmoja. Mwigizaji mwenzao La Grange, aliyeandika hesabu za kikundi katika daftari lake tangu mwaka 1659, amesajili kwamba posho hiyo haikulipwa hata siku moja.

Daftari hilo limehifadhiwa hadi leo, na ndilo linalotuwezesha kuona hasa maana ya kuwa msanii wa kudumu katika kikundi kile. Hapakuwa na tajiri na vibarua wake. Baada ya kila onyesho zilitolewa gharama, yaani mishumaa, walinzi, wapiga muziki na kodi, kisha kilichobaki kiligawanywa kwa hisa, wanawake sawa na wanaume. Siku ya mvua fungu lilikuwa dogo kwa wote. Siku ya neema lilikuwa kubwa kwa wote. Mwaka 1661 Molière aliomba apewe hisa mbili, moja yake na moja ya mke endapo ataoa, na wenzake wakakubali. Mwaka 1670 Louis Béjart, aliyekuwa kiguru, alipostaafu, walikubaliana kumlipa livre 1,000 kila mwaka maisha yake yote. Alikuwa mtu wa kwanza kupata kiinua mgongo cha namna hiyo katika kikundi chao.

Uthabiti wa umoja huo ulionekana mwezi Oktoba 1660. Bila ya kuarifiwa, waliamka wakakuta ukumbi wa Petit-Bourbon unabomolewa ili kupisha ujenzi wa Louvre. Vikundi pinzani viliwajia waigizaji mmoja mmoja na kuwavuta kwa ahadi. Hakuondoka hata mmoja. La Grange ameandika kwamba wote walimpenda Molière kwa ustahili wake na kwa wema wake. Mfalme akawapa ukumbi wa Palais-Royal, ambao ulihitaji kukarabatiwa kwanza, na tangu mwezi Januari 1661 huko ndiko yalikokuwa makao yao.

Yafaa tuseme pia kwamba mtu huyu hakukijua kipaji chake upesi. Moyo wake ulikuwa katika tanzia; alitaka kuwa mashujaa na wafalme, na hata picha moja yamwonyesha amevaa taji la majani kama Kaizari. Lakini sauti yake haikufaa, na mwezi Februari 1661 mchezo wake wa kishujaa, Dom Garcie de Navarre, ulianguka vibaya. Baada ya hapo aliikubali bahati yake. Alichokuwa nacho ni jicho. Aliwatungia watu wa kikundi chake kama mshonaji amkatiaye mtu nguo baada ya kumpima. Kwa kuwa Louis Béjart alichechemea, mtumishi katika L'Avare naye anachechemea, na bahili anamtukana kwa ajili hiyo. Kwa kuwa mwigizaji Beauval alikuwa na kicheko kisichozuilika, kijakazi wa Mchuuzi Mwungwana amepewa kucheka mpaka bwana wake achoke. Naye mwenyewe, alipokwisha kushikwa na ugonjwa wa kifua, aliutia ukohozi wake katika maneno ya bahili, watu wakacheka. Mtungaji akaaye mbali na waigizaji wake hawezi mambo kama hayo.

Mwezi Februari 1662 alimwoa Armande Béjart, msichana aliyemzidi kwa miaka ishirini hivi. Hati ya ndoa yasema kwamba bibi arusi alikuwa mdogo wake Madeleine. Watu wengi wakati ule walisema alikuwa binti yake, na adui mmoja alithubutu kumpelekea mfalme shtaka kwamba Molière amemwoa mtoto wa kumzaa mwenyewe. Mfalme alijibu kwa vitendo: mtoto wa kwanza wa ndoa hiyo alipobatizwa mwaka 1664, yeye ndiye aliyekuwa baba wa ubatizo. Mtoto huyo hakumaliza mwaka. Ndoa yenyewe haikuwa ya raha, na hatutaongeza mengi, maana waandishi wa porojo wamekwisha kuongeza ya kutosha.

Tuingie sasa katika vita vyake. Tarehe 12 Mei 1664, katika sherehe za Versailles, kikundi kilionyesha Tartuffe, mchezo wa mtu ajifanyaye mcha Mungu ambaye anaingia katika nyumba ya tajiri mwepesi wa kuamini, anamlaghai mali yake, na anamtaka mkewe. Watu wa dini waliokuwa na nguvu katika baraza walikuwa wameutafutia marufuku hata kabla ya kuuona. Mfalme alicheka, kisha akaupiga marufuku mbele ya umma. Padri mmoja aliandika kwamba mtungaji anastahili kuchomwa moto. Molière hakunyamaza. Mwaka uliofuata alitoa Dom Juan, mchezo wa kabaila asiyemwogopa Mungu wala mtu. Ulionyeshwa mara kumi na tano, kisha ukatoweka. Mwezi Agosti wa mwaka huo huo mfalme alikichukua kikundi kuwa chake rasmi, kwa ruzuku ya livre 6,000 kwa mwaka. Basi hapo pana fumbo: mkono mmoja unalisha, mkono wa pili umeziba kinywa.

Tarehe 5 Agosti 1667 alijaribu tena, baada ya kuubadili mchezo jina na kuwapunguzia makali watu wake. Ulionyeshwa siku moja tu. Mfalme alikuwa vitani Flanders, na mkuu wa mahakama ya Paris akaufunga siku ya pili yake. Askofu mkuu naye alitangaza kumtenga na kanisa mtu yeyote atakayeucheza, atakayeusoma au hata atakayeusikiliza ukisomwa. Molière aliwatuma La Grange na La Thorillière waende mbio mpaka kambi ya mfalme, mbele ya mji wa Lille, wakampe barua ya maombi. Walipokelewa vizuri, wakarudi na ahadi. Ukumbi ulikaa umefungwa majuma saba, na katika majuma hayo hapakuwa na hisa ya kugawana.

Ruhusa ilikuja tarehe 5 Februari 1669, takriban miaka mitano baada ya onyesho la kwanza. Siku hiyo watu walisongamana kiasi cha kukosa pumzi, na daftari la La Grange laonyesha mapato ya livre 2,860, ambayo kikundi hakikupata kuyaona kabla yake.

Wapo wanaompenda Molière kama mtetezi wa wanyonge dhidi ya wakubwa. Hatuwezi kukubali moja kwa moja. Mabepari, matabibu, mapadri wa uongo na makabaila wadogo aliwachapa, lakini mfalme hakumgusa, na katika mwisho wa Tartuffe ni ofisa wa mfalme anayeingia na kuiokoa nyumba. Alijua ni nani alipaye kodi ya ukumbi. Hata hivyo, ukiyatazama maneno aliyowapa vijakazi na watumishi, utaona kwamba mara nyingi wao ndio wenye akili nyumbani, na kwamba bwana hushindwa kuwajibu. Hilo hakuamriwa na mtu.

Wenzake wa kalamu hawakumtendea wema sikuzote. Racine, akiwa kijana asiyejulikana, alionyeshewa michezo yake miwili ya kwanza na kikundi cha Molière. Mwezi Desemba 1665, mchezo wa pili ukiwa bado jukwaani kwao, aliwapa kwa siri wapinzani wa Hôtel de Bourgogne waucheze pia. Baadaye akamvuta na mwigizaji wao mzuri, bibi Du Parc, ambaye aliondoka mwaka 1667. Molière na Racine hawakupatana tena.

Madeleine Béjart alifariki tarehe 17 Februari 1672. Hapa lazima tueleze sheria ya kanisa la Paris wakati ule. Mwigizaji hakuruhusiwa sakramenti wala maziko ya Kikristo, ila kwanza aikane kazi yake kwa maandishi. Madeleine, aliyekuwa mgonjwa kwa muda, aliikana, akazikwa kwa heshima.

Mwaka mmoja kamili baada ya siku hiyo, tarehe 17 Februari 1673, kikundi kilikuwa kikionyesha kwa mara ya nne mchezo mpya wa Molière uitwao Le Malade imaginaire, wa mtu mzima wa afya ajidhaniaye mgonjwa. Mwenye kuigiza mgonjwa wa bure alikuwa mgonjwa wa kweli. Habari zilizoandikwa baadaye na mtu aliyezipata kwa Baron, kijana aliyelelewa na Molière, zasema kwamba mkewe na Baron walimsihi asicheze jioni ile, naye akakataa kwa sababu palikuwa na mafundi hamsini masikini waliotegemea ujira wa siku ile. Alicheza mpaka mwisho. Katika tukio la mwisho alishikwa na mtukutiko, akaufunika kwa kicheko. Akachukuliwa nyumbani kwake, mtaa wa Richelieu, akatapika damu. Waliitwa mapadri wawili, wakakataa kuja. Wa tatu alikuja, akakuta roho imekwisha kutoka. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, naye hakuwa ameikana kazi yake.

Padri wa Saint-Eustache, kanisa lile lile alikobatizwa, alikataa kumzika. Armande alikwenda kwa mfalme kulia. Mfalme akaongea na askofu mkuu, na ruhusa ikatolewa kwa masharti: izikwe maiti usiku, bila ya sherehe, na mapadri wasizidi wawili. Tarehe 21 Februari, baada ya jua kutua, jeneza lilipelekwa katika makaburi ya Saint-Joseph. Wenye kuamuru walitaka giza, lakini watu wengi walikuja na mienge mikononi. Mwaka 1817 mifupa iliyosadikiwa kuwa yake ilihamishiwa katika makaburi ya Père-Lachaise.

Na kikundi je? Tarehe 24 Februari, siku tatu baada ya maziko, walifungua mlango tena kwa mchezo wake Le Misanthrope, Baron akicheza sehemu ya marehemu. Lakini ilipofika Pasaka wanne waliondoka kwenda Hôtel de Bourgogne, miongoni mwao Baron na La Thorillière. Mwanamuziki Lully, aliyewahi kuwa rafiki, akauchukua ukumbi wa Palais-Royal kwa idhini ya mfalme. Armande na La Grange wakabaki na wachache, bila ya jukwaa na bila ya mtungaji. Walipata ukumbi wa Guénégaud ng'ambo ya mto Seine, wakaungana na mabaki ya kikundi cha Marais, wakaendelea kucheza vitabu vya marehemu kwa hisa kama zamani. La Grange alivikusanya akavichapisha mwaka 1682.

Mwaka 1680 mfalme aliamuru wapinzani wa Hôtel de Bourgogne wajiunge nao wawe kikundi kimoja. Hiyo ndiyo Comédie-Française, ambayo hadi leo Wafaransa huiita Nyumba ya Molière, ingawa yeye hakukanyaga kizingiti chake. Wasanii wake wa kudumu bado ni wa namna mbili: walioajiriwa, na wale waliochaguliwa kuwa wanahisa. Kile kiti alichokalia jioni ya mwisho kimehifadhiwa huko. Na Baron, aliyeondoka ile Pasaka ya mwaka 1673, alirudi chini ya paa moja na Armande na La Grange, akiwa ameletwa na amri ya mfalme.